Deckarm: Nyota wa mpira wa mikono aliyeangushwa na sakafu ya zege

TAREHE 30 Machi 1979, katika mji wa Tatabánya nchini Hungaria, Joachim Deckarm, aliyehesabiwa miongoni mwa wachezaji bora wa mpira wa mikono duniani, alianguka uwanjani na hakucheza tena. Alikuwa na umri wa miaka 25.

Deckarm alizaliwa Saarbrücken Januari 1954. Mwaka 1973 alijiunga na VfL Gummersbach, klabu ya mji mdogo ambayo enzi hizo ilitamba Ulaya nzima. Akiwa nayo alitwaa ubingwa wa Ujerumani Magharibi mara tatu mfululizo, kuanzia 1974 hadi 1976, pamoja na Kombe la Klabu Bingwa Ulaya mwaka 1974. Fedha katika mchezo huo hazikuwa nyingi kama zilivyo leo.

Katika timu ya taifa alicheza mechi 104 na kufunga mabao 381, wastani wa zaidi ya mabao matatu kwa kila mechi. Alikuwa na mkono mzito wa kufumua makombora kutoka mbali, lakini alijua pia kulinda lango na kuwatengenezea wenzake nafasi. Mwaka 1976 timu hiyo ilishika nafasi ya nne katika Michezo ya Olimpiki ya Montreal. Miaka miwili baadaye, chini ya kocha Vlado Stenzel, iliifunga Sovieti mabao 20 kwa 19 mjini Copenhagen na kutwaa ubingwa wa dunia. Kikosi hicho kilikuwa na vijana wengi, na hapana shaka kilitarajiwa kutawala kwa miaka mingi.

Ndipo likaja pambano la nusu fainali ya Kombe la Washindi kati ya Gummersbach na timu ya Tatabánya. Katika mpira wa mikono mshambuliaji haruhusiwi kukanyaga ndani ya mstari wa mita sita mbele ya lango, ila anaweza kuruka juu yake na kurusha mpira akiwa hewani. Kwa hiyo kugongana na kuanguka ni mambo ya kila mechi, na wachezaji hufundishwa kujikinga kwa mikono wanapotua.

Siku hiyo Deckarm hakupata nafasi ya kujikinga. Aligongana kichwa kwa kichwa na mchezaji wa timu pinzani, akapoteza fahamu kabla ya kufika chini, na kichwa chake kikapiga sakafu ya zege iliyofunikwa kwa tabaka jembamba tu la plastiki. Fuvu lilivunjika na ubongo ukaumia vibaya. Hakuna aliyemkusudia mabaya. Lakini mtu aliyezimia hana namna ya kupunguza kishindo, na zege nayo haibonyei.

Alilala bila fahamu kwa siku 131. Gummersbach ilitwaa kombe hilo mwaka huohuo, yeye akiwa hayupo.

Alipozinduka, bingwa huyo wa dunia alilazimika kujifunza upya kuzungumza na kutembea. Kocha wake wa zamani wa Saarbrücken, Werner Hürter, alijitwika kazi ya kumfanyisha mazoezi, siku baada ya siku, kwa miaka mingi. Ulianzishwa pia mfuko wa kugharimia matunzo yake. Ulemavu haukuondoka, lakini alirudi kuonekana kumbini akitazama mechi.

Wachezaji wenzake wa 1978 hawakumtupa. Mmoja wao, Heiner Brand, aliyeiongoza Ujerumani kama kocha kutwaa tena ubingwa wa dunia mwaka 2007, alibaki rafiki yake wa karibu. Mwaka 2013 Deckarm aliingizwa katika orodha ya heshima ya wanamichezo wa Ujerumani, na mwaka 2018 alihama Saarbrücken na kurejea Gummersbach, mahali alikoijenga sifa yake.