Chai ya kupunguza unene: kilo za wiki ya kwanza ni maji

Na Mwandishi Wetu, Bujumbura

MFANYABIASHARA anayevuka mpaka wa Kobero anazijua vizuri: pakiti za chai na vidonge vinavyoahidi kuondoa kilo nne kwa wiki. Ni mali nyepesi kubeba, na kwa aliyerejea nyumbani na mtaji mdogo, inavutia.

Kwa mwalimu wa kemia ya mwili, pakiti hiyo ni somo zuri kuliko ubao. Swali lake kwa wanafunzi ni moja: kinachopungua ni nini?

Ugali wa muhogo ukishasagwa tumboni hugeuka sukari. Ile isiyotumika huwekwa akiba kwenye ini na misuli, nayo huitwa glaikojeni. Kwa mtu mzima akiba hiyo hufika gramu 500 hivi, na kila gramu hushika gramu tatu hivi za maji. Akiacha ugali na mikate, akiba huisha na maji yake hutoka. Mzani unashuka karibu kilo mbili, lakini mafuta yameguswa kidogo tu. Akirudia ugali, kilo nazo zinarudi.

Ni kama duka: rafu huisha kwanza, ghala baadaye. Anayefunga Ramadhani pale Buyenzi hupitia hali hiyo kila siku. Mchana ini hutoa sukari yake, na kadiri magharibi inavyokaribia, mwili hutegemea zaidi mafuta.

Sasa tupige hesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina kalori 7,700 hivi. Mwanamke anayetumia kalori 2,000 kwa siku hutumia 14,000 kwa wiki. Hata asipoonja chakula siku saba, hamalizi kilo mbili za mafuta. Hizo nne zinatoka wapi?

Mara nyingi ni tumbo la kuharisha, kwani chai nyingi za aina hii zina sanamaki. Hatari zaidi ni dawa iliyofichwa. Sibutramini iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara ya moyo na kiharusi, lakini imeendelea kugunduliwa ndani ya bidhaa zinazodai kuwa ni mitishamba mitupu.

Mgonjwa wa kisukari naye asiache dawa wala kukata ugali ghafla bila kumwona daktari. Sukari inaweza kushuka akazimia.

Kwa hiyo, ndugu mfanyabiashara, kabla ya kulipia katoni, uliza swali la mwalimu: kinachopungua ni nini? Mteja wako ni jirani yako.