Jina la Kutisha, Chakula cha Makombo

Mwaka 1903 mtaalamu Mjerumani, Carl Chun, alimpa mnyama wa vilindi vya bahari, ndugu ya pweza na ngisi, jina la Kilatini Vampyroteuthis infernalis: ngisi mnyonya damu wa jehanamu. Rangi yake ni ya giza, na mikono yake imeunganishwa kwa ngozi kama joho. Lakini mwaka 2012, Henk-Jan Hoving na Bruce Robison, huko California, walionyesha kwamba hanyonyi damu kamwe. Hunyosha uzi mrefu wa mwili wake, hunasa makombo yaangukayo kutoka juu, yaani mizoga na mavi ya viumbe vidogo, huyafunga kwa ute, ndipo hula.

Wasomaji wapenzi, bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa jiko tumemwita mchawi. Je, tumekwenda kutazama anakula nini?