Shanta la kubebea vifaa vya kupanda miamba: pima mgongo wako kabla ya kutoa pesa

Kwa vijana wa Naro Moru, Chogoria na vijiji vingine vilivyo chini ya Mlima Kenya, mzigo wa mgeni ni kazi inayoleta chakula nyumbani. Wengi huanza kwa kubeba mahema na masufuria. Wakishaaminika, hukabidhiwa mizigo ya watu wanaokwenda kupanda vilele viwili vya juu kabisa: Batian wenye mita 5,199 na Nelion wenye mita 5,188. Huko hakufikiki kwa kutembea tu kama Lenana. Ni ukuta wa mawe, na watu hupanda kwa kamba. Kijana anayebeba kamba hiyo, pamoja na yule anayeanza kujifunza kupanda mwenyewe, huja kusimama siku moja mbele ya rundo la mitumba sokoni wakijiuliza: ninunue shanta gani?

Swali hili ni zito kuliko linavyosikika. Begi la mgongoni lisilokufaa huumiza mgongo, na mgongo ndio mtaji wa mpagazi. Tena begi lililobebea vitu vibaya linaweza kuharibu kamba bila kuacha alama yoyote, na kesho yake mtu ataning'inia kwenye kamba hiyo.

Tuanze na uzito, maana wengi hukadiria kwa macho. Kamba ya kupandia yenye urefu wa mita 60 ina uzito wa karibu kilo 4. Helmeti, viatu vya kupandia na hanesi, yaani ile mikanda ya kiunoni na mapajani, kwa pamoja hukaribia kilo moja na nusu. Karabina na tepe zake, zikiwa seti kumi na mbili, ni zaidi kidogo ya kilo moja. Vile vyuma vinavyobanwa kwenye nyufa za mwamba vinaweza kufika kilo tatu. Ongeza lita mbili za maji, koti la mvua, sweta na chakula cha mchana. Umeshafika kilo 13 au 14, na hapo hujahesabu shanta lenyewe ambalo likiwa imara huwa na kilo moja na nusu hadi mbili. Ndiyo maana wapandaji wawili hugawana: mmoja anachukua kamba, mwingine anachukua vyuma.

Ukubwa wa shanta hupimwa kwa lita. Kwa safari ya siku moja, kwa mfano kwenda Lukenya au kwenye mnara wa mwamba wa Fischer's Tower kule Hell's Gate, Naivasha, ambao una urefu wa mita 25 hivi na uko karibu na barabara, lita 35 hadi 45 zinatosha. Kwa Mlima Kenya, ambako utalala njiani na kubeba begi la kulalia, tafuta lita 60 hadi 70. Usinunue kubwa kwa kufikiria kwamba kubwa ni faida. Shanta kubwa halikai na nafasi tupu. Mwenye mzigo akiiona ataijaza, na wewe ndiye utakayepanda nalo.

Lakini lita si jambo la kwanza. La kwanza ni urefu wa mgongo wako. Inamisha kichwa mbele, pitisha kidole nyuma ya shingo mpaka uguse kile kinundu cha mfupa kinachotokeza zaidi. Kisha shika kiuno kwa mikono miwili, vidole gumba nyuma, mikono ikiwa imekaa juu ya mifupa ya nyonga. Mwombe mwenzako apime kwa futi ya fundi cherehani kutoka kwenye kinundu hadi pale ambapo vidole gumba vinaelekeana. Watu wazima wengi huwa kati ya sentimita 40 na 50. Huo ndio urefu unaotakiwa ulingane na mgongo wa shanta, kuanzia mkanda wa kiuno hadi pale mikanda ya mabega inapoota. Urefu wako wa kusimama hausaidii hapa. Mtu mrefu anaweza kuwa na miguu mirefu na mgongo mfupi.

Mkanda wa kiuno ndio unaotenganisha shanta la mlima na begi la shule. Ukikaa juu ya mifupa ya nyonga na ukabanwa vizuri, sehemu kubwa ya uzito huhamia kwenye nyonga na miguu, mabega yakabaki kazi ya kulizuia shanta lisiyumbe. Ukikaa tumboni, haufanyi kazi yoyote ila kukubana pumzi. Tunawaona vijana wengi wakitembea na mkanda huo umefungwa nyuma au umekatwa kabisa kwa sababu unawasumbua. Mara nyingi unasumbua kwa sababu shanta ni refu au fupi kuliko mgongo wao.

Hapo kuna jambo moja linalomhusu mpandaji mwenyewe. Akifika ukutani atavaa hanesi, na hanesi hukaa palepale kiunoni. Mkanda mnene wa shanta juu ya hanesi humzuia kufikia vyuma vyake. Shanta lililotengenezwa kwa ajili ya miamba huwa na mkanda unaochomoka, au unaorudishwa nyuma ukafungwa. Pia huwa jembamba, lisilozidi upana wa mgongo, ili viwiko viende huru, na sehemu yake ya juu haifiki kisogoni kiasi cha kuisukuma helmeti mtu anapoangalia juu. Mifuko mingi ya nje inayopendeza dukani huku hugeuka adui: hunasa kwenye nyufa na kuchanika. Kinachofaa nje ni kitanzi imara cha kulivutia shanta kwa kamba, na mkanda chini ya kifuniko wa kubana kamba iliyokunjwa.

Mwamba hautaki mzigo mkubwa. Wapandaji wengi huacha shanta kubwa kambini na kwenda ukutani na dogo la lita 20 hivi. Wapo waliofanya vingine. Mwaka 1970 Ian Howell alijenga kibanda kidogo cha alumini juu kabisa ya Nelion, na ili kufikisha vipande vyake alipanda mwamba ule peke yake mara 13. Kibanda hicho kinaitwa kwa jina lake. Hatumshauri mtu aige.

Sokoni kwenye mitumba

Shanta la mtumba ni ununuzi mzuri, tunasema hivyo bila wasiwasi, mradi ulikague. Ligeuze ndani nje. Ukikuta utando wa ndani unabanduka kama ngozi ya kitunguu, au unanata na kunuka kama kitu kilichovunda, kinga yake ya maji imekwisha. Vuta kwa nguvu mahali mikanda ya mabega iliposhonewa mwilini, kwa kuwa hapo ndipo hukatika kwanza. Finya sponji ya mkanda wa kiuno; ikibaki bapa imekufa. Funga na ufungue kila kishikizo cha plastiki. Papasa mgongo uone kama vile vipande vya alumini vinavyolinyoosha bado vipo, maana wengine huvitoa. Zipu iliyoharibika isikukatishe tamaa, lakini itoe kwenye bei.

Fundi cherehani, au fundi viatu mwenye sindano nene, anaweza kurudishia mkanda wa shanta, kuongeza sponji, hata kukushonea kitanzi. Mipaka ya kazi yake iko hapo. Hanesi, tepe na kitu kingine chochote kinachoshika uzito wa mtu asiporomoke hakishonwi na fundi wa sokoni, hata awe hodari namna gani. Na kamba au hanesi ya mtumba usinunue kabisa, kwa kuwa huwezi kujua ilipitia nini. Shanta likikatika utaokota vitu vyako chini.

Kamba za kupandia hutengenezwa kwa nailoni, na nailoni huliwa na asidi. Maji ya betri yakiigusa, hata mvuke wake, nguvu hupotea huku kamba ikionekana nzima na safi. Sasa fikiria shanta linavyosafiri huku kwetu: limefungwa nyuma ya bodaboda, au limetupwa kwenye pikapu kando ya betri ya sola inayopelekwa kuchajiwa. Shanta lililobebea betri, dawa ya kupaushia nguo au dawa za shambani lisibebe kamba tena, hata likifuliwa. Hilo ni swali la kumwuliza muuzaji, na ni swali la kujiuliza mwenyewe kabla ya kuliazimisha kwa jirani. Kamba iwekwe kwenye mfuko wake ndani ya shanta, na pikapu ikaguliwe kabla mzigo haujapakiwa.

Maji hayaui kamba kama asidi, lakini kamba iliyolowa huwa nzito, hupungua nguvu, na usiku wa huko juu huigandisha. Hakuna kitambaa cha shanta kinachozuia mvua ya saa nzima. Zamani jibu lilikuwa mfuko mkubwa wa plastiki ndani. Leo Kenya ilishapiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tangu 2017 na Tanzania tangu 2019, na ndani ya hifadhi za Kenya plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi tangu Juni 2020. Kipande cha turubai jepesi kilichoshonwa kama gunia hufanya kazi hiyo kwa miaka.

Kupanga mzigo

Begi la kulalia na nguo huingia chini. Vyuma, maji na kamba hukaa katikati, karibu kabisa na mgongo, vikizungushiwa nguo ili karabina isikuchome mbavu. Vitu vyepesi huwekwa mbele na juu. Mahali penye mteremko mkali wenye mawe, vitu vizito vishuke kidogo ili mwili usipepesuke. Vyuma vikilia kila hatua, simama uvifunge upya, kwa sababu kinacholia kinacheza, na kinachocheza kinakuvuta.

Uzito nao una kikomo. Kilimanjaro, mzigo wa mpagazi, au mgumu kama wanavyoitwa huko, hupimwa langoni usizidi kilo 20. Mwenye mizani ndogo ya kuning'iniza apime kabla ya kuondoka, mwajiri akiwa anaona.

Na unapochagua dukani, usijaribu shanta likiwa tupu, kwani tupu kila moja ni zuri. Mwombe muuzaji wa jirani akuazime kilo kumi za unga au sukari, zitie ndani, fungaza mkanda wa kiuno kwanza, kisha wa mabega, halafu tembea sokoni dakika kumi na tano. Panda ngazi kama zipo. Ingiza kiganja kati ya mkanda na bega: kikipita bila taabu, nyonga zimebeba. Kisipopita, legeza mikanda ya mabega, kaza ule wa kiuno, ujaribu tena. Ikishindikana mara ya pili, lirudishe hilo uchukue lingine.