Askari Amfukuze Dereva Mlevi au Amwache?

Siku moja ya mnada mwaka jana nilikuwa nimesimama kando ya barabara nikisubiri gari la kurudi nyumbani. Jua lilikuwa linazama. Pikapu moja ilitoka penye vilabu vya pombe, imejaa watu na magunia. Dereva alikuwa amelewa. Wala halikuwa jambo la kukisia, maana tulimwona akipanda garini mara ya kwanza akaanguka, akapanda tena. Askari wa barabarani alikuwa peke yake, ana pikipiki moja. Alinyosha mkono kumsimamisha. Dereva akamkwepa, akakanyaga mafuta, akaenda zake.

Tukapiga kelele: "Afande, mfukuze! Huyo atatuulia watu!"

Askari hakupanda pikipiki. Alitoa simu akampigia mwenzake aliyekuwa kwenye kizuizi cha njia panda ya lami, akamtajia namba ya gari na rangi yake. Wazee walimsema vibaya sana. Mmoja alimwambia, "Mwanangu, sasa mshahara unakula wa nini?" Askari akajibu, "Shikamoo mzee," basi, hakuongeza neno.

Pikapu ilisimamishwa njia panda. Lakini kabla ya kufika huko ilikuwa imeshamgonga mtu wa baiskeli aliyebeba mkaa. Hakufa, ila alivunjika mguu.

Wiki nzima tulibishana. Wengine walisema askari angemfukuza, mwenye baiskeli asingegongwa. Wengine walisema angemfukuza, pikapu ingepinduka na watu wote waliokuwa nyuma. Mimi nilikuwa katika kundi la kwanza. Baadaye nilisoma jinsi wenzetu wa nchi nyingine walivyohangaika na swali hilihili, nikahama kundi. Sikuhama kabisa, na nitaeleza kwa nini.

POMBE NA MWENDO

Kwanza tuelewe hatari yenyewe. Gari linalokwenda kilometa 60 kwa saa linapita karibu meta 17 kila sekunde moja. Likienda kilometa 80 linapita meta 22. Dereva mzima akiona mtoto amekatiza njia, inapita kama sekunde moja kabla mguu wake haujafika kwenye breki. Katika sekunde hiyo gari bado linakwenda kama kawaida. Dereva aliyelewa anachelewa zaidi. Akichelewa nusu sekunde tu zaidi, katika mwendo wa 80 ameongeza meta 11, na mtoto yule huenda hakuwa mbali kiasi hicho.

Tena pombe inamdanganya mnywaji. Inapunguza akili ya kupima hatari kabla haijaonekana miguuni. Ndiyo maana mlevi anasema, "Mimi niko sawa," na kweli anaamini hivyo.

Watu hudhani kahawa kali, maji baridi au usingizi wa nusu saa vinaondoa pombe. Haviondoi. Ini ndilo linalofanya kazi hiyo, na linakwenda pole pole. Kwa mtu wa kawaida hupungua kama miligramu 15 katika kila mililita 100 za damu kwa saa moja. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliweka mpaka wa miligramu 80. Mwenye miligramu 150 saa nne usiku atahitaji karibu saa tano ili ashuke chini ya mpaka huo, yaani karibu saa tisa usiku. Na kuisha kabisa ni kama saa kumi. Atakuwa bado anayo pombe mwilini alfajiri anapowasha gari la abiria. Tena hiyo ni pombe inayojulikana nguvu yake. Gongo hakuna ajuaye.

KUFUKUZANA

Sasa mfukuze mtu huyo. Kinatokea nini? Alikuwa anakwenda 60, sasa anakwenda 100. Alikuwa anatazama mbele, ingawa kwa macho ya kulegea. Sasa anatazama kioo aone askari yuko wapi. Na badala ya chombo kimoja chenye mbio kuna viwili. Mama anayevuka barabara hana habari na ugomvi wao. Abiria waliopo nyuma ya pikapu hawakukimbia askari, lakini ndio watakaorushwa nje.

Katika jimbo la Queensland, nchi ya Australia, watu walikufa katika mifukuzano ya namna hii: madereva, abiria, na wapita njia. Mwaka 2010 hakimu mkuu wa jimbo anayechunguza vifo alitoa ripoti juu ya vifo hivyo. Polisi wa huko wakakaza kanuni zao. Siku hizi askari wa Queensland haruhusiwi kumfukuza mtu kwa sababu tu amekataa kusimama ili apimwe pombe. Kufukuza kunabaki kwa mambo mazito, kama mtu aliyeua au anayetishia kuua, au maisha ya watu yakiwa hatarini papo hapo.

Je, mlevi anaachwa huru? Hapana. Askari anaandika namba ya gari na kuzima king'ora. Kesho yake, au siku nyingine, mwenye gari anapelekewa karatasi: taja nani alikuwa anaendesha. Asipotaja, anahesabiwa yeye ndiye aliyekimbia. Na kumkimbia askari ni kosa kubwa peke yake, lenye faini nzito au kifungo. Kwa hiyo mlevi anakamatwa akiwa amelala nyumbani kwake, ambako hawezi kumgonga mtu.

Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa yule askari wa mnadani.

Lakini hapo pia ndipo ninapobaki na shaka. Ukiwaambia watu wote kwamba polisi hawafukuzi, mjanja atasikia. Mji wa Milwaukee, Marekani, ulionja jambo hili. Mwaka 2010 mkuu wa polisi wa mji huo alizuia kufukuza isipokuwa kwa makosa makubwa ya kutumia nguvu. Malalamiko yakawa mengi kwamba madereva wanawacheka askari. Mwaka 2017 kanuni ikalegezwa tena, na dereva anayeendesha kwa kuhatarisha watu akawa anaweza kufukuzwa. Kwa hiyo wao wenyewe bado wanavutana.

Na karatasi ya Queensland inafaa mahali ambapo namba ya gari inamjua mwenye gari. Kwetu mnajua hali ilivyo. Pikipiki inauzwa mara tatu kwa kupeana mkono, na kadi bado ina jina la mtu aliyehama wilaya. Nyingine hazina namba kabisa. Ukipeleka karatasi, utampelekea nani? Kabla ya kuiga kanuni ya kutofukuza, kwanza kadi ziwe na majina ya kweli. Hilo ni kazi ya serikali, na pia ni kazi yako wewe uliyenunua pikipiki ukaona uvivu kwenda kubadili jina.

KUMSIMAMISHA KABLA HAJAKIMBIA

Jambo lililonishika zaidi ni la jimbo jirani na Queensland, yaani New South Wales, ambalo mji wake mkuu ni Sydney. Kule mpaka wa pombe ulikuwa miligramu 80 kama wetu. Mwaka 1980 waliushusha hadi 50. Kisha Desemba 1982 wakaanza mtindo mpya: askari wanaweka kizuizi popote, saa yoyote, na dereva yeyote anayesimamishwa anapuliza kipimo. Si lazima anukie pombe, si lazima ayumbe. Hata akiwa padri au mwalimu mkuu anapuliza. Akionekana amezidi, anapelekwa kupimwa mara ya pili kwa chombo kikubwa zaidi, na hicho cha pili ndicho kinachokwenda mahakamani.

Watu walilalamika. Walisema ni aibu kumsimamisha mtu asiye na kosa. Ni hoja nzuri. Lakini tazama: mwaka 1982 watu 1,253 walikufa katika barabara za jimbo hilo. Mwaka 1983 walikufa 966. Ni watu 287 pungufu katika mwaka mmoja.

Ajabu ni kwamba walevi hawakupungua kwa kuwa wote walikamatwa. Walipungua kwa kuwa mtu akiwa bado baa alianza kujiuliza, "Nikitoka hapa, wako wapi leo?" Akamwachia mwenzake ufunguo. Gari halikutoka, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kufukuzwa.

Kuna faida nyingine ambayo vitabu havikuitaja sana ila mimi naiona. Askari akiwa na hiari ya kuchagua nani asimame, anaweza kuchagua kwa sura, kwa ukoo, au kwa mfuko. Wote wakipuliza, mlango huo unakuwa mwembamba.

Sasa turudi mnadani. Kila mtu anajua siku ya mnada ni lini. Kila mtu anajua vilabu viko wapi, na barabara ya kutokea ni moja. Kosa la siku ile, kwa maoni yangu, halikuwa la askari kutofukuza. Kosa lilikuwa kwamba alikuwa peke yake, hana kipimo, na kizuizi kilikuwa mbali kule kwenye lami badala ya kuwa hatua mia kutoka vilabuni, kabla gari halijapata mwendo. Jambo hilo linaweza kuzungumzwa katika mkutano wa kijiji na mkuu wa kituo akiwapo. Sisi tumeshamwandikia.

Wakati tunangoja jibu, sisi abiria tuna neno letu. Tulikuwa tunamwona dereva yule anakunywa tangu saa nane mchana. Utingo alimwona. Muuza pombe alimwona, akapokea hela. Ufunguo ulikuwa juu ya meza. Hakuna aliyeuchukua, nami nikiwamo.

Gari likishaondoka, usilifuate kwa pikipiki yako. Piga simu polisi, namba 112, au namba ya kituo chenu kama unayo. Sema namba ya gari, rangi, linaelekea wapi, limebeba watu wangapi. Huna namba ya gari, taja maneno yaliyoandikwa ubavuni. Na kama uko ndani ya gari hilo, gonga bodi ushuke kabla halijafika kwenye lami. Nauli uliyolipa mwachie.