Kuhifadhi Majibu ya Mwanafunzi Ndani ya Kivinjari: Mfano wa Busia na Tororo

Makala haya yanaeleza namna ukurasa wa mazoezi ya Kiswahili unavyoweza kuhifadhi kazi ya mwanafunzi ndani ya kivinjari cha simu au kompyuta yake, na kuisoma tena baadaye. Yamewalenga walimu wanaotayarisha mazoezi ya mtandaoni kwa mikono yao wenyewe, pamoja na wanafunzi wa ualimu wanaojifunza kazi hiyo.

Tumechukua mfano wa mpakani kwa makusudi. Upande wa Kenya, Kiswahili kimekuwa somo la lazima tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985. Upande wa Uganda, kilifanywa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya katiba mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Hivyo basi zoezi la ngeli lililotayarishwa na mwalimu wa Busia, Kenya, linaweza kumfaa sana mwanafunzi wa Tororo. Kikwazo ni mtandao. Karibu na mpaka, simu yenye laini ya nchi moja hudaka mawimbi ya nchi ya pili, na data ya ng'ambo ni ghali. Hata data ya nyumbani nchini Uganda hutozwa kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021. Mwanafunzi mwangalifu hufungua ukurasa, akazima data, akajibu maswali polepole. Akiufunga ukurasa kabla ya kutuma, majibu yote ishirini yamepotea.

Dawa ya kale ilikuwa vidakuzi, vilivyobuniwa na Lou Montulli wa kampuni ya Netscape mwaka 1994. Lakini kidakuzi kimoja hubeba takriban kilobaiti 4 tu, tena husafiri kwenda kwenye seva kila ukurasa unapoombwa, yaani hula bando. Mwaka 2009 vivinjari kama Internet Explorer 8 na Firefox 3.5 vilileta hifadhi ya ndani, ambayo katika msimbo huitwa localStorage. Hiyo haisafiri popote. Hukaa katika kifaa, na kwa kawaida kila tovuti hupewa megabaiti 5 hivi. Insha mia tano za maneno 500 kila moja zingeenea humo bila shida. Sauti za wanafunzi wanaosoma kwa matamshi ndizo zisizofaa kuwekwa hapo.

Ukurasa wa kisasa hujengwa kwa vijenzi, yaani vipande vinavyojitegemea: kisanduku cha swali, kihesabu alama, orodha ya msamiati. Kila kijenzi kinapozaliwa kinapaswa kuuliza hifadhi kama kuna kitu chake cha zamani; kila mwanafunzi anapobadilisha jibu, kijenzi kiandike upya. Data hukaa katika jozi za jina na thamani. Mwalimu akiandika localStorage.setItem('ngeli.swali4', 'KI-VI'), ameweka jibu la swali la nne, akitumia getItem na jina lilelile, analipata. Kama hakuna kilichowekwa, hurudishiwa null, na kijenzi lazima kijue la kufanya hapo, la sivyo mwanafunzi mgeni atakutana na neno hilo ndani ya kisanduku chake cha jibu.

Majina yachaguliwe kwa uangalifu. Vijenzi viwili vikitumia jina moja, tuseme "jibu", cha pili kitafuta kazi ya cha kwanza bila onyo lolote. Aidha, mwalimu anapopanga upya maswali, abadilishe na jina, kwa mfano kwa kuongeza namba ya toleo. Vinginevyo jibu la zamani la swali la nne litajitokeza chini ya swali jipya lisilohusiana nalo.

Jambo linalowatatiza wengi ni kwamba hifadhi hii haijui namba. Inajua maandishi tu. Mwanafunzi mwenye alama 7 akipata swali jingine, msimbo ukasoma "7" na kuongeza 1, matokeo ni 71! Ndiyo maana alama na orodha hugeuzwa kwa JSON kabla ya kuwekwa, na kurudishwa katika hali yake zinaposomwa. Usomaji huo nao uwekewe kinga, kwa sababu maandishi yaliyoharibika huweza kuangusha ukurasa mzima.

Sisi wa Kiswahili tuna tatizo letu la pekee: ng'. Baadhi ya simu huandika ritifaa iliyonyooka, nyingine iliyopinda. Kwa jicho la mwalimu ni ng'ombe yuleyule. Kwa kompyuta ni maneno mawili tofauti, na mwanafunzi hukosolewa bila kosa. Geuza ritifaa zote ziwe za aina moja kabla ya kuhifadhi na kabla ya kusahihisha. Binafsi naona kosa hili ni baya kuliko kupoteza data, maana humfundisha mwanafunzi kutoamini anachokijua.

Sasa tuje kwenye mpaka wa kivinjari chenyewe. Kuna Busia mbili, ya Kenya na ya Uganda, jina moja, serikali mbili, na daftari la ofisi moja si la nyingine. Kivinjari kina ukali huohuo. Data iliyowekwa na anwani inayoanza na https haisomwi na anwani ileile ikianza na http. Zoezi likihamishwa kutoka tovuti ya shule kwenda tovuti ya chuo, majibu hayafuati. Wala mwanafunzi akianza kwa simu hawezi kumalizia kwa kompyuta ya maktaba, isipokuwa ukurasa umetuma nakala kwenye seva mtandao uliporudi. Mwalimu asiahidi asichoweza kutimiza.

Tena hifadhi hii si ya milele. Tangu mwaka 2020 Safari hufuta data ya tovuti ambayo mtumiaji hajaigusa katika siku saba za kutumia kivinjari. Dirisha la faragha nalo likifungwa, kila kitu huondoka. Kwa hiyo weka kitufe cha kutuma au kunakili majibu.

Mwisho, kuna suala la simu moja inayotumiwa na ndugu wanne, au kompyuta ya kibanda cha intaneti. Hifadhi haitambui ni nani ameshika kifaa. Anayefuata ataona majibu, alama, na jina kama liliandikwa. Usihifadhi jina kamili wala nywila. Weka kitufe cha "Futa kazi yangu" mahali panapoonekana, na msimbo wake ufute majina ya zoezi lako pekee: amri ya clear huondoa kila kitu cha tovuti hiyo, pamoja na kazi ya mwalimu mwenzako aliyeweka zoezi lake hapohapo.