Fyuzi Hulinda Waya, Haikulindi Wewe

Katika machimbo ya dhahabu ya Nyatike, kaunti ya Migori, maji hayampi mchimbaji nafasi. Shimo likienda chini hujaa, na penye stima pampu hushushwa ili kuyavuta. Waya wa volti 240, tope na miguu iliyolowa hukutana mahali pamoja. Huko Mbita na Rusinga, kaunti ya Homa Bay, mvuvi wa omena naye hushinda usiku kucha na taa za betri, mikono yake ikichuruzika maji, na betri hiyo haimrushi. Wote wawili wamelowa, wote wanashika vitu vya umeme. Kinachowatofautisha ni hesabu fupi ya kugawanya.

Hesabu hiyo ilichapishwa mwaka 1827 na mwalimu wa Kijerumani, Georg Simon Ohm. Chukua volti, yaani msukumo wa umeme, gawanya kwa ukinzani wa kitu umeme unamopita, unaopimwa kwa omu. Jibu ni mkondo, nao hupimwa kwa ampea. Ukiijua volti na ampea, igeuze: volti gawanya kwa ampea upate ukinzani. Ukitaka nguvu, zidisha volti kwa ampea upate wati. Birika la stima lililoandikwa wati 2,000 huvuta ampea 8.3 kwenye volti 240, na ukinzani wa koili yake ni karibu omu 29.

Mwili nao una omu zake

Ngozi kavu yenye sugu inaweza kufikisha omu 100,000. Volti 240 zikigawanywa kwa hizo, unapata ampea 0.0024, yaani miliampea 2.4. Utashtuka na kuutoa mkono. Ngozi ikilowa, au ikiwa na kidonda, ukinzani wa mwili huteremka hadi omu 1,000 hivi. Gawanya tena: ampea 0.24, yaani miliampea 240.

Miliampea moja huanza kuhisiwa. Kati ya 10 na 20 misuli ya mkono hujikaza na vidole vikashindwa kuachia. Ndipo watu husema stima imemshika. Ikizidi 30 na kupitia kifuani, pumzi huwa ya taabu. Ikifika 100 hivi kwa sekunde chache, vyumba vya moyo huweza kutetemeka ovyo badala ya kusukuma damu, na mtu hufa ndani ya dakika chache. Aliyelowa, basi, anaweza kupitiwa na mkondo unaozidi maradufu kiwango hicho. Wala mwenye ngozi kavu asijiamini: volti 240 zinaweza kuichoma ngozi, na ukinzani ukaporomoka akiwa bado ameshika.

Sasa itazame fyuzi ya plagi, iliyoandikwa 13. Haikatiki mpaka mkondo upite ampea 13, na wewe unauawa na 0.24, chini ya ile inayovutwa na balbu ya zamani ya wati 60. Kwa fyuzi, binadamu aliyeshikwa na stima ni mzigo mdogo mno. Kazi ya fyuzi ni kuzuia waya usiungue.

Kifaa kinachomlinda mtu ni swichi ya RCD. Hulinganisha mkondo unaotoka na unaorudi. Pakipotea miliampea 30, kwa mfano zikipita mwilini mwako kwenda ardhini, hukata stima kwa sehemu ndogo ya sekunde.

Betri ya mvuvi

Volti 12 kwa omu 1,000 ni miliampea 12 tu kwenye karatasi, na katika volti ndogo hivyo ukinzani wa mwili huwa juu zaidi, kwa hiyo kwa kawaida mvuvi hahisi kitu. Lakini asiidharau. Ukinzani wa ndani wa betri ndogo ya risasi unaweza kuwa omu 0.03 tu. Spana ikiunganisha vichwa viwili vya betri hiyo, mkondo huruka hadi mamia ya ampea. Spana huwa nyekundu, na pete iliyo kidoleni inaweza kuchoma nyama hadi mfupani.

Joto hilo lina kanuni yake: ampea zidisha kwa ampea, kisha kwa ukinzani. Waya uliolegea ndani ya soketi ukiwa na nusu omu tu, birika letu la ampea 8.3 huzalisha hapo karibu wati 35, sawa na kichomeo cha fundi wa redio. Soketi hugeuka rangi, plastiki hunuka, moto hufuata. Usisubiri ufike huko. Jumlisha wati za vyote ulivyochomeka kwenye ekstensheni moja: kikomo cha ampea 13 ni wati 3,120. Birika la 2,000 na pasi ya 1,200 tayari vimekipita.

La kufanya

Muulize fundi mwenye leseni ya mamlaka ya kawi, EPRA, kama nyumba au pampu yako ina RCD na waya wa ardhini, kisha bonyeza kitufe cha kuijaribu mara kwa mara. Isipokata, haikulindi. Waya wa Kenya Power ukianguka, kaa mbali na upige 97771.

Mtu akishikwa na stima nyumbani, usimguse. Zima swichi kuu. Ikishindikana, simama juu ya kitu kikavu na umsukume kwa mti mkavu. Asipopumua, mkandamize kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akitafuta msaada. Akiinuka na kusema yuko sawa, mpeleke hospitali bado: moyo unaweza kuanza kwenda kombo baadaye, na kuungua kwa ndani hakuonekani juu ya ngozi.