Kutoka Tuwan hadi baharini: likizo ya Mombasa bila kulia mbele ya simu

Desemba ikikaribia, maswali yanayotufikia kutoka Kitale hubadilika. Mwaka mzima mnatuuliza kuhusu PIN iliyosahaulika na pesa iliyoenda kwa namba isiyo yake. Kuanzia Novemba ni Mombasa tu. Nyumba ya kukodi Nyali, ni sawa kutuma diposti? Tiketi ya treni inalipwaje? Huko ufuoni wanakubali simu ama nibebe pesa mkononi?

Basi leo tuongee likizo. Lakini kwanza tuwaambie yaliyowapata akina mama kumi na mmoja wa Tuwan, bila majina.

Ni chama cha wauza mboga na mitumba, na mmoja anayechoma mahindi. Waliweka shilingi 50 kila siku tangu Januari, na kufikia mwisho wa Oktoba kila mmoja alikuwa na kama 15,000. Wengi wao walikuwa hawajawahi kuona bahari. Mweka hazina akapata nyumba mtandaoni: picha safi, bwawa la kuogelea, bei nusu ya zingine. Alipotaka kutuma diposti ya 12,000, jina lililotokea kwenye skrini halikuwa la yule aliyejiita mwenye nyumba. Akauliza, akaambiwa huyo ni keateka. Akatuma. Kesho yake akaombwa 5,000 za usafi, kwa namba ya tatu, jina la tatu. Hapo ndipo tumbo lilipomkata, akatupigia.

Alikuwa amechelewa. Pesa ilitolewa kwa wakala dakika chache tu baada ya kuingia. Tukiwahi, pesa ikiwa bado imo kwenye akaunti ya aliyepokea, tunaweza kuizuia na kushughulikia kuirudisha. Ikishatoka, kinachobaki ni kuripoti polisi. Mama wa watu alitaka kulipa deni hilo peke yake, kidogo kidogo. Wenzake walikataa. Walikaa kikao kirefu jioni moja, nusu wakisema safari ife, nusu wakisema mwizi hawezi kula diposti na pia kula bahari.

Walienda. Safari hii walimtafuta binamu wa mmoja wao anayefanya kazi Mtwapa, akaenda mwenyewe kuona vyumba, akapiga video ya choo na mfereji ukitoka maji, ndipo wakalipa, na kwa namba ya till ya biashara yenye jina lilelile lililoandikwa kwenye bango la geti. Hakukuwa na bwawa la kuogelea. Lakini bahari iko hapo, jameni, bwawa la nini?

Kwa hivyo kabla hujatuma diposti, soma jina linalotokea. Lisipolingana, usikubali hadithi ya keateka, shemeji wala mhasibu. Bonyeza kukatisha. Na ukiwa na mtu wako Pwani, hata wa mbali, mtumie nauli ya tuktuk akakuonee nyumba kwa macho yake. Hiyo nauli ni ndogo kuliko 12,000.

Sasa safari yenyewe. Kutoka Kitale unapanda basi hadi Nairobi, kisha treni ya SGR kutoka Syokimau hadi Miritini. Tiketi ya daraja la kawaida ni shilingi 1,500 kwenda tangu Januari 2024, na inalipwa kwa simu. Tiketi za Desemba huisha mapema sana, kwa hivyo nunua treni kwanza, ndipo upange basi kuifuata. Acha nafasi ya masaa mengi katikati, kwa sababu jam ya kuelekea Syokimau haijui kwamba umeweka akiba mwaka mzima. Beba kitambulisho, kwani bila hicho hupandi. Na sweta usiiache: Mombasa hutaihitaji hata dakika moja, lakini basi la usiku hupita Timboroa.

Mambo mengi mazuri ya Mombasa hayahitaji pesa nyingi, na mengine ni bure kabisa. Kivuko cha Likoni ukiwa kwa miguu hulipi kitu. Nenda tu na urudi, uone meli kubwa zikipita karibu kama jengo linalotembea. Mama Ngina, ule uwanja wa kando ya bahari uliofunguliwa upya 2019, ni wa kukaa jioni na muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu. Pembe za alumini za Barabara ya Moi ziko hapo tangu miaka ya 1950, na picha ni bure mradi uipige mwenyewe.

Fort Jesus kuna kiingilio, na kinastahili. Wareno walianza kuijenga 1593, na tangu 2011 imo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Ukitoka hapo, ingia Mji wa Kale kwa miguu, pole pole. Asubuhi kuna mahamri na mbaazi za nazi (usiziite mandazi mbele ya aliyezipika), jioni kuna viazi karai na mishkaki. Vibanda vingi huwa na till, lakini beba sarafu kidogo za madafu.

Ukiwa na watoto, wapeleke Haller Park, Bamburi. Zamani palikuwa machimbo ya kiwanda cha simiti, ardhi iliyokufa, ambayo René Haller alianza kuifufua kwa miti miaka ya 1970. Ndipo alipoletwa Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa karibu na Malindi baada ya tsunami ya 2004, akamfanya kobe mzee aitwaye Mzee kuwa mama yake. Akina mama wa Tuwan walituambia hadithi hiyo ndiyo waliyoirudia zaidi nyumbani. Wao pia walienda Jumba la Mtwana, magofu ya mji wa Waswahili ulioachwa karne nyingi zilizopita, karibu na walipolala.

Ufuoni ndipo pesa huyeyuka. Mwenye ngamia, mwenye boti, mpiga picha: wote ni watu wa kazi yao na wengi ni waaminifu, ila kubalianeni kabla hujapanda. Bei ni ya mtu mmoja ama ya familia? Ya kwenda tu ama na kurudi? Mpiga picha atakupiga 40 wakati ulitaka tano, na wewe utakuwa umetabasamu zote. Usimpe mtu simu yako akusaidie kulipa, hata akiwa na haraka gani. Na mtu akikuonyesha ujumbe kwamba amekutumia pesa kimakosa, usirudishe kitu kabla ya kuangalia salio lako mwenyewe. Ujumbe wa kughushi ni rahisi, salio haliigizwi.

Uliza wenyeji pia kuhusu maji. Bahari hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, hurudi kwa nguvu. Mtoto aliyezoea mto wa nyumbani hajui hilo.

Kuhusu kutoa pesa: toa mara moja kiasi cha siku mbili au tatu badala ya 200 mara sita, maana ada utailipa kila mara. Fanya hivyo mchana, kwa sababu jioni za Krismasi mawakala wengi wa ufuoni huishiwa.

Jambo la mwisho, nauli ya kurudi. Ifungie kwenye akiba ya simu kabla hujatoka Kitale, tarehe ya kufunguka iwe siku ya kuondoka. Basi za kutoka Nairobi kwenda Kitale hupanda bei baada ya mwaka mpya, na tumeona watu wakichukua mkopo wa simu stendi ili wafike nyumbani, mkopo unaokutana na karo ya Januari. Chama kile kilifungia 3,500 kwa kila mmoja. Nauli zilipolipwa, kuna waliobaki na 400, wakanunua mabuyu ya watoto wa ploti nzima. Mweka hazina anasema bado ana rangi nyekundu kwenye mkoba.